Maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu kikundi cha maongezi kwa wenye kansa, na hilo neno tumaini

Mengi ya haya maswali watu huniuliza kwenye korido. Mtu ameshaongea na daktari, karatasi ya miadi iko mkononi, anaenda zake alafu anarudi hatua mbili: "Samahani nesi, eti hicho kikundi mnafanyaga nini humo?" Nimekuwa mwezeshaji wa hivi vikundi kwa muda sasa, kwahiyo nimeona niyaandike majibu yote sehemu moja, hata kama mengine ni marefu.

Hii tiba ya maongezi kwenye kikundi ni kitu gani hasa?

Ni watu wenye kansa, mara nyingi kati ya 6 na 10, wanakaa pamoja kwa saa moja na nusu hivi, kila wiki, na mtu aliyesomea kuongoza maongezi ya namna hiyo (mtaalamu wa saikolojia, mnasihi, au nesi aliyepata mafunzo). Vikundi vingine vinafungwa, yaani mlioanza pamoja ndo mnamaliza pamoja, vingine viko wazi na watu wanaingia na kutoka. Mi napendelea kilichofungwa maana kuaminiana kunachukua muda, na kila akija mtu mpya watu wanarudi kwenye maongezi ya juujuu, ila kilichofungwa nacho kina tatizo lake, mgonjwa wa leo inabidi asubiri kundi lijalo na kuna watu hawana huo muda wa kusubiri.

Wala sio kitu cha jana. Mwaka 1905 huko Boston daktari Joseph Pratt alikuwa anakutanisha wagonjwa wa kifua kikuu kwenye madarasa, nia yake ikiwa kuwafundisha namna ya kujitunza, akagundua kwamba kule kukutana kwenyewe kunawainua. Miaka ya 1970 daktari wa akili Irvin Yalom pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akaanza kukaa na wagonjwa ambao kansa yao ilishasambaa, kipindi ambacho watu wengi walikuwa wanaogopa hata kulitaja jina la ugonjwa mbele ya mgonjwa. Huyo Yalom aliorodhesha vitu 11 vinavyofanya kikundi kimsaidie mtu, na cha kwanza alichoweka ni kupandikiza tumaini.

Si ni sawa tu na grupu letu la WhatsApp?

Hapana, ila lile grupu msiliache. Saa nane usiku ukiwa unatapika na hujui kama ni kawaida, mwenzako wa kwenye simu anakusaidia kuliko mi ambaye nimelala. Tofauti ni kwamba kwenye kikundi kuna mtu ambaye kazi yake ni kuangalia nani amenyamaza ghafla, nani anachukua muda wote, nani ametoa ushauri wa dawa ambao unaweza kumdhuru mwenzake. Na humu hamna kuandika "pole" na emoji ya mikono alafu mtu anaendelea na mambo yake. Ukisema neno zito watu wanabaki na wewe hapo hapo, wanakuangalia usoni.

Mnaposema "tumaini" ndo mtaniambia nitapona?

Hapana, na akitokea mwezeshaji anakuahidi hivo uondoke kwenye hicho kikundi.

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo pana kila kitu. Watu wengi tumezoea tumaini la aina moja tu, la kupona, kwahiyo siku daktari akisema kansa imerudi au imefika kwenye mifupa mtu anaona na tumaini limeisha, kila kitu kimefungwa. Kuna mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Kansas, C. R. Snyder, mwaka 1991 yeye na wenzake walieleza tumaini kwa namna ambayo mi naitumia kila wiki. Alisema linahitaji vitu vitatu: uwe na lengo, uone njia za kulifikia (zaidi ya moja, kwasababu moja itaziba), na uwe na ile nguvu ya ndani inayokuambia "naweza kuanza". Kimoja kikikosekana unalemaa. Mtu ana lengo na ana hamu lakini haoni njia, huyo anabaki kulia. Mwingine njia anaziona zote ila asubuhi hawezi hata kutoa mguu kitandani.

Nikupe mfano, nimebadilisha vitu vidogo ili mwenyewe asijulikane. Mzee mmoja, kansa ya mapafu, pumzi inakata akipanda ngazi, familia wakamshushia kitanda sebuleni. Tukamuuliza unatamani nini, akasema "kulala chumbani kwangu". Mi nilitegemea atasema kitu kikubwa! Basi kikundi kikaanza kazi. Mama mmoja akauliza ngazi ni ngapi, akajibu 14. Mwingine akasema weka kiti pale ngazi zinapokata kona, upumzike. Kijana mwenye kansa ya damu akamwambia usijaribu usiku mzee, jaribu asubuhi nguvu ikiwepo, na zile siku tatu baada ya kemo (dawa kali za kansa) usiguse kabisa. Wiki ya kwanza alipanda ngazi nne akarudi. Wiki ya tatu akafika kwenye kiti, akakaa dakika 20 akiangalia sebule yake kutoka juu, alivyotuhadithia hicho kitu ungedhani ametoka safari. Wiki ya tano akalala chumbani kwake. Kipimo chake cha skani hakikubadilika ata kidogo, lakini yule mtu aliyekuwa anakaa ameinamisha kichwa wiki ya kwanza na huyu wa wiki ya tano sio mmoja.

Sasa kwenye vikao tunafanya nini, tunakaa tu tunaongea?

Tunaongea lakini kuna mpangilio. Nesi mtafiti Kaye Herth aliandaa programu ya vikao 8 ya kujenga tumaini na akaipima kwa watu 115 ambao kansa ilikuwa imewarudia mara ya kwanza, matokeo yalichapishwa mwaka 2000, na vikundi vingi vya tumaini vimechota kwenye mawazo yake. Kwa ufupi inagusa sehemu nne: kuijua hali yako na kuikubali ilivyo, kujenga uhusiano na watu, mambo ya roho na maana ya maisha, na kufikiri kwa utaratibu, yaani kuweka malengo na kuyapanga.

Ikija kwenye chumba inakuwa hivi. Kikao cha mwanzo kila mtu anasimulia alivyopata habari, na hapo ndo utasikia "kumbe na wewe!" nyingi kuliko siku zote. Kuna kikao tunaorodhesha hofu moja moja kwenye karatasi, manake hofu ikiwa kichwani ni wingu moja kubwa, ukiiandika unakuta ni vitu saba, na viwili kati ya hivo vina mtu wa kumuuliza kesho yake. Kuna cha kuwataja watu wako, nani anakupa nguvu na nani anakumaliza, na namna ya kumwambia dada yako asipige simu kila baada ya saa moja bila kumuumiza. Alafu malengo, hapo tunakaa zaidi ya kikao kimoja. Lengo liwe dogo kiasi cha kufanyika wiki hii. "Nataka kuwa na amani" tunalirudisha, tunakuuliza ukiwa na amani siku ya Jumanne utakuwa unafanya nini?

Mara nyingine tunamalizia na zoezi fupi la kupumua. Wengine hawalipendi, hatulazimishi.

Nimesikia kwamba kuongea kwenye kikundi kunarefusha maisha, ni kweli?

Nakujibu wazi maana kuna watu wanakuja kwa ajili hiyo tu. Mwaka 1989 David Spiegel wa Stanford alichapisha utafiti wa wanawake 86 wenye kansa ya matiti iliyosambaa. Waliokaa kwenye kikundi kwa mwaka mmoja waliishi wastani wa miezi 36.6 tangu kuingia kwenye utafiti, wenzao ambao hawakuwa kwenye kikundi miezi 18.9. Dunia nzima ilishtuka. Lakini wengine wakarudia. Mwaka 2001 ukatoka utafiti wa wanawake 235 huko Kanada, wa kikundi na wasio wa kikundi wakaishi karibu muda ule ule, na mwaka 2007 Spiegel mwenyewe akarudia na hakuona tena ile tofauti kwa ujumla.

Kwahiyo usije kwa ajili ya kuongeza miezi. Ila usiishie hapo kusoma, maana huo huo utafiti wa 2001 ulionyesha kitu kingine, wale waliokuwa na huzuni zaidi mwanzoni walipungukiwa na mateso ya moyo, na hata maumivu ya mwili hayakuwazidia kama yalivyowazidia wenzao wasio na kikundi. Na pale New York, daktari William Breitbart alitengeneza vikao 8 vya kutafuta maana ya maisha, mawazo yake ameyachota kwa Viktor Frankl aliyepona kwenye kambi za mateso za Wanazi. Mwaka 2015 walichapisha matokeo ya wagonjwa 253 wenye kansa iliyofika mbali. Waliopitia vikao hivyo walipungua kukata tamaa na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), hata ile hamu ya kutaka kufa haraka ilipungua, kuliko waliokaa kwenye kikundi cha kawaida cha kusaidiana. Mi hilo kwangu linatosha kabisa kumshauri mtu aje.

Ndugu zangu wananiambia niwaze mazuri tu, eti mawazo mabaya yanakuza kansa.

Hili linaniuma sana kila nikilisikia. Wanaosema wanakupenda na wanaogopa, najua, lakini angalia wanachokutwisha: unaumwa, na ukilia alafu ukazidiwa, eti ni kosa lako. Sio kweli. Kuna utafiti wa 2007 uliofuatilia zaidi ya watu 1,000 wenye kansa ya kichwa na shingo, hali ya hisia zao haikuonyesha nani ataishi muda mrefu na nani hatoishi. Lia ukitaka. Kasirika. Kwenye kikundi chetu hiyo ndo sehemu ya kwanza ya kazi, mtu akishaacha kuigiza kwamba yuko sawa anabakiwa na nguvu ya kufanyia kitu kingine.

Dada mmoja alisema nyumbani anaingia bafuni kulia huku amefungua maji ili watoto wasisikie. Watu wanne kwenye kile chumba wakasema wao pia, kila mmoja na bafu lake.

Mimi sio mtu wa kuongea, nitaweza kweli?

Utaweza, kukaa kimya kunaruhusiwa. Kuna mtu alinyamaza vikao vitatu vizima, anakuja mapema anakaa kiti kile kile, anasikiliza. Cha nne akauliza swali moja, kama nyusi zinaota tena zikishapukutika. Ndo alianzia hapo. Ukiulizwa kitu na hutaki kujibu sema tu "napita", hamna atakayekuuliza kwanini.

Kusikiliza matatizo ya wenzangu si ndo nitazidi kuchoka?

Inatokea, sitakudanganya. Kuna kikao utatoka mzito kuliko ulivyoingia, hasa kama mwenzako ana kansa kama yako na yake imeenda mbele. Ukitoka hivo mwambie mwezeshaji kabla hujaondoka, au piga simu kesho yake. Lakini wengi wanachoniambia ni kinyume, kwamba tangu waanze kuumwa kila mtu anawahudumia tu, wanapokea tu, na kwenye kikundi ndo mara ya kwanza wao wanatoa kitu, mtu ananukuu kwenye daftari ushauri wako wa namna ya kulala na mfuko wa haja (ule unaobandikwa tumboni) bila kuumwagia kitandani. Ukishaona kwamba bado una kitu mtu mwingine anakihitaji, hapo ndo utaona bega linanyooka.

Na ikitokea mmoja wetu amefariki?

Inatokea. Tunaambiana. Hatufichi na wala hatuondoi kiti haraka haraka kabla watu hawajaingia, kikao hicho kinakuwa chake, tunaongea alivyokuwa, wengine wanalia, wengine wanauliza lile swali ambalo wote wanalo, "mimi nitakuwaje siku zangu zikifika?", na tunalijibu kadri tunavyojua, pamoja na mambo ya dawa za maumivu na tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa) ambayo watu wengi wanaichelewa wakidhani ni ya kwenda kufia tu, wakati ingewasaidia tangu mapema.

Yule mzee wa ngazi, miguu ilifika mahali ikakataa kabisa. Alikuja siku moja na kiti cha magurudumu akatuambia amebadilisha lengo, akaona kama yeye hawezi kupanda basi mkewe ashuke, wakasogeza kitanda kikubwa sebuleni wakalala wote chini huko. Wiki chache baadaye hakuja tena.

Siri zangu zitabaki humo?

Kikao cha kwanza mnakubaliana wote kwamba ya humu yanabaki humu, majina hayatoki, simu zinazimwa, hamna kurekodi. Mi siwezi kukuapia kwa niaba ya watu wanane ila kwa uzoefu wangu watu wanalinda sana, kwasababu kila mmoja ana yake pale. Mwezeshaji atavunja siri kwa sababu moja tu, akiona maisha ya mtu yako hatarini, na hilo utaambiwa tangu siku ya kwanza.

Mnachanganya na dini?

Tunaongea imani kama mtu anaileta, na wengi wanaileta, huwezi kuongelea tumaini ukamkataza mtu kumtaja Mungu. Ila hatuhubiriani. Na mtu akisema amemkasirikia Mungu hamna wa kumkemea, hata asiye na dini ana nafasi yake sawa na mwingine yeyote.

Kuna mtu ambaye kikundi hakimfai?

Yupo. Mwenye sonona kali hata hawezi kufuatilia maongezi, mwenye kuchanganyikiwa, mwenye maumivu ambayo hayajatulizwa (tuliza maumivu kwanza, hamna mtu anapanga malengo huku mgongo unawaka), na mtu ambaye ameambiwa majibu juzi tu na bado kichwa kinazunguka, huyu mara nyingi anaanza na maongezi ya watu wawili alafu anaingia baadaye. Na kama unawaza kujiua, tafadhali usisubiri siku ya kikundi. Mwambie daktari, nesi au mtu wako wa karibu leo hii, au nenda kitengo cha dharura. Sio aibu, na kuna msaada kwa hilo.

Niko katikati ya kemo, nije au nisubiri nimalize?

Ukijisikia unaweza kukaa saa moja na nusu, njoo. Ukichoka katikati toka ukalale. Kinga ikiwa imeshuka muulize daktari wako kwanza kuhusu kukaa na watu chumba kimoja, wiki hizo unaweza kuunganishwa kwa video, sio kama kuwepo mwenyewe lakini inafaa. Na ukipata joto la nyuzi 38 au zaidi ukiwa kwenye kemo habari ya kikundi weka pembeni, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mume wangu anaweza kuja nami?

Kwenye hiki cha wagonjwa hapana, na sababu yake ni yeye mwenyewe: mbele yake utaongea ya kumlinda. Vikundi vya wanaouguza vipo sehemu nyingine na wanavihitaji sana, kama hakuna basi muulize mnasihi akutane naye peke yake.

Mtajuaje kama tumaini langu limeongezeka?

Kuna dodoso fupi la huyo huyo Kaye Herth, lina sentensi 12, kila moja unachagua kuanzia 1 mpaka 4 kadri unavyokubaliana nayo, jumla inaanzia 12 na kuishia 48. Unajaza mwanzo na mwisho. Linasaidia, ila namba ikishuka usijione umefeli, labda wiki hiyo ulipata majibu mabaya. Mi binafsi naangalia pia kama mtu ameanza kuongea kwa wakati ujao, "wiki ijayo nita...", hiyo huwa naiandika pembeni kwenye daftari langu.

Siku ya kwanza nije na nini?

Miwani kama unatumia ya kusomea, dawa zako za muda huo, na sweta au kitambaa maana wengi mnasikia baridi mkiwa kwenye matibabu. Hamna cha kuandaa cha kuongea. Viti vimepangwa duara, kaa popote, na kama unaona huenda ukataka kutoka ghafla kile cha karibu na mlango huwa tunakiacha wazi.